Kioo cha Benzi kikigoma usikimbilie kubadilisha mota

Wenye Benzi za zamani wenzangu, hasa hizi W124 (modeli ya miaka ya 80 na 90), kioo cha umeme kikianza kupanda kwa kujivuta au kikigoma kabisa, mota iwe ya mwisho kuishuku. Najua mafundi wengi wanaanzia huko huko. Yangu ni 200E ya 1991, kioo cha dereva kilivyoanza kusuasua nikaipeleka kwa fundi umeme mmoja, hata mlango hajaufungua, kabonyeza swichi kidogo tu kashapata jibu, "bosi mota imekufa hii, tuma laki mbili na nusu nikakuchukulie used Ilala", kule Dar kwenye spea za mitumba. Nikamwambia poa kaka ngoja nijipange, nikaondoka na gari langu nikalifanyia kazi mwenyewe nyumbani.

Ujue Mjerumani wa miaka ile alivifunga hivi vioo kwa njia rahisi sana. Gari za sasa hivi ukibonyeza swichi inapeleka taarifa tu kwenye kompyuta, kompyuta ndio inaendesha mota. Kwenye W124 hamna hayo mambo, moto, yaani umeme, wote unaoliwa na mota unapita ndani ya swichi yenyewe, vile viswichi vidogo pale kwenye gia. Mota ina nyaya mbili, ukibonyeza kupandisha waya mmoja unapata chanya mwingine hasi, ukishusha vinabadilishana na mota inazunguka kinyume, basi, hamna uchawi mwingine. Ila kila ukibonyeza kuna kacheche kanaruka ndani ya swichi, na swichi imeruka cheche tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa, ukiifungua leo unakuta kontakti zimekuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Umeme utapita vipi hapo?

Kabla hujagusa bisibisi, kama vilivyogoma ni vioo vya nyuma tu, angalia ile swichi ya kuwazuia watoto hapo hapo katikati ya swichi nyingine, inawezekana mtu kaibonyeza bila kujua. Ndio, kuna watu wamelipia ufundi kwa hiyo.

Halafu nenda kwenye boksi la fyuzi, lipo kule nyuma ya injini chini ya kifuniko cheusi. Nyingi ya hizi gari zina fyuzi za kizamani, zile zenye ncha pande zote mbili na kaukanda ka chuma juu, nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16, bluu 25. Shida yake haikatiki tu, inashika kutu ya unga unga pale inapogusana na klipu, na sisi wa pwani na huu upepo wa chumvi ndio usiseme. Kwa macho fyuzi ni nzima kabisa lakini moto haupiti vizuri. Izungushe kwa kidole pale ilipo, mara nyingine kioo kinaamka hapo hapo, ila usiishie kufurahi, chomoa, piga msasa laini kwenye klipu, weka fyuzi mpya. Na usiweke ya bluu panapotaka nyekundu eti ya nyekundu inakatika sana, utachoma nyaya.

Sasa kipimo ambacho nakiamini. Kile kitaa cha kupimia moto cha mafundi wengi kinadanganya hapa, kwa sababu waya ukiwa umebaki na uzi mmoja tu haujakatika kitaa bado kitawaka, kenyewe kanakula umeme kidogo mno. Mota inataka ampea za maana. Kwa hiyo chukua multimita, kile kifaa cha kusoma volti, fungua paneli ya mlango, chomeka pini zake kwenye soketi ya mota ikiwa IMEUNGANISHWA, mtu akae anabonyeza swichi wewe unasoma. Kwangu betri ilikuwa inasoma 12 na ushee, kwenye mota inafika 8 na kitu. Hiyo mota ingewezaje kupandisha kioo? Umeme unapotelea njiani, na kazi yako ni kutafuta njiani wapi. Unapima baada ya fyuzi, unapima kabla ya swichi, baada ya swichi, mpaka uone wapi volti zinashuka ghafla.

Njia ya mkato ya swichi ni kuhamisha, zile za mbele zinachomoka moja moja, weka ya abiria kwa dereva. Ugonjwa ukihama nayo umemaliza. Ukinyanyua kile kibao cha mbao kinachozunguka gia nenda taratibu jamani, mbao yenyewe ni ganda jembamba tu na imekauka, ikipasuka kuipata nzima ni shughuli.

Kwangu swichi ilikuwa chafu na nikaisafisha, volti zikapanda kidogo ila bado. Mchawi mwenyewe alikuwa kwenye ule mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, nyaya zinakunjwa na kukunjuliwa kila siku, zinakatikia ndani huku ganda la nje likiwa zima. Shika waya mmoja mmoja uuvute taratibu, ukiona unavutika kama raba jua ndani hamna shaba. Usipige fundo na kuzungushia tepu hapo kwenye mpira, patakatika tena, kata mpaka uende ndani ya mlango na ndani ya bodi, weka kipande kipya cha waya wenye nyuzi nyingi laini na unene ule ule, maungio uyalehemu na yasikae sehemu moja yote.

Na mota je? Ipime mwisho, nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri, vidole mbali kwa sababu kioo cha gari ya umri huu hakina habari ya kusimama kikikuta mkono. Yangu ilipanda kwa kishindo mpaka nikacheka. Laki mbili na nusu ipo mfukoni, nimenunua waya na fyuzi, na spirei ya silikoni ya kupulizia kwenye njia za kioo maana mipira ikikauka mota inabeba mzigo usio wake.

Kilichobaki ni kioo cha nyuma kushoto, mota inalia vizuri tu ila kioo hakiendi, hapo meno ya regyuleta, ule mtambo unaopandisha kioo, yamelika na hiyo kweli ni safari ya Ilala.