Mguu wa Mwenye Samaki

Jumapili, saa tano usiku.

Leo asubuhi nimepiga picha 212 za paka. Nimezihesabu, nikaona haya. Zinazostahili kutazamwa mara ya pili ni tatu, na moja kati ya hizo ndiyo iliyonikalisha hapa mezani mpaka chai imepoa na kuota utando.

Ni ya soko la samaki la Mji wa Kale, Mombasa, kule chini kwenye Bandari ya Kale. Paka wa rangi ya mchanga, sikio moja limeliwa nusu kwenye vita vyake vya usiku, amejikunyata chini ya meza ya kupaa samaki. Nilipoifungua kwenye kompyuta, mkono wangu ukaenda ulikozoea: kukata. Nikazisogeza kingo zote nne ndani mpaka akabaki paka na masharubu yake. Safi kabisa, na haina mwenyewe. Paka wa kalenda. Ungeniambia amelala kwenye zulia la mtu Nairobi ningekubali.

Nikairudisha kama ilivyokuwa. Kumbe kushoto kulikuwa na mguu wa mwenye samaki ndani ya champali ya buluu, magamba yamemganda mpaka kwenye kifundo, na juu, penye ukingo, ncha ya kisu. Ukifuata macho ya paka unafika kwenye kile kisu moja kwa moja. Nilipokata kushoto nilikuwa nimeondoa sababu yake ya kuamka alfajiri.

Kulia hakukuwa na kitu cha kuhurumia: gurudumu la tuktuk, nusu ya kreti ya soda, na begi la mtu aliyekuwa anapita. Hayo nimeyakata bila kupepesa.

Lenzi yangu ni ya milimita 35, haivuti. Ukimtaka paka, mfuate, na akikimbia, basi. Kwa hiyo nikiwa mvivu wa kusogea najiambia nitakata nyumbani, na kukata kuna gharama yake. Kamera inanipa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Nikibakisha nusu ya upana na nusu ya urefu, nabaki na 3000 kwa 2000, milioni sita, robo ya nilichopiga. Ukichapisha kwa pikseli 300 kila inchi, upana ni inchi kumi tu. Kwenye simu hakuna atakayejua. Ukutani kwa shangazi wataona.

Halafu kuna suala la magoti. Mnyama ukimpiga picha umesimama, unapata mgongo na kisogo, na mji wote unageuka sakafu. Inabidi uchutame, wakati mwingine ulale kabisa. Elliott Erwitt, yule Mmarekani aliyewapiga mbwa picha maisha yake yote mpaka alipofariki 2023, ana picha ya New York ya mwaka 1974 ambayo nairudia mara kwa mara: kijimbwa kimevaa kofia, pembeni yake buti za mwanamke, na pembeni ya buti miguu miwili mirefu ambayo inakuchukua muda kutambua kuwa nayo ni ya mbwa. Mwanamke hana uso wala kiuno. Ingekuwa na mtu mzima mzima, ingekuwa picha ya bibi na mbwa wake wawili, na kicheko kingekwisha.

Mimi nikichutama Mombasa napata jambo jingine. Leo mtoto mmoja aliniuliza, "Auntie, umeangusha nini?" Kabla sijajibu alikuwa ameshapiga magoti kunisaidia kutafuta. Paka akahama. Nikamwambia nimeangusha shilingi kumi, maana kueleza kungechukua muda mrefu zaidi. Akaitafuta kwa bidii mpaka nikalazimika kuiangusha kweli.

Lakini tangu jioni nilikuwa nazunguka tu. Ninachokiwaza ni punda wa Lamu.

Nilikwenda Desemba. Kule mitaa mingi ni myembamba, gari halipiti. Mchanga, saruji na mawe ya kujengea vinakwenda kwa mgongo wa punda. Punda ni wa kazi na wana heshima yao, wana hata zahanati yao ufuoni tangu 1987. Nikamkuta mmoja amesimama mbele ya ukuta wa matumbawe, chokaa imebanduka, mifuko ya mchanga bado iko mgongoni, masikio yamelala, jua limempiga ubavu. Mbele yake, mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa ameinama anamsogezea ndoo ya maji. Mzee alivaa fulana ya kampeni ya uchaguzi, njano ya kupiga kelele, ikaniharibia ukuta wangu wote. Nikamkata. Ndoo nayo ikaenda naye.

Picha ilibaki nzuri mno, sitasema uongo. Punda, mzigo, ukuta, kichwa kimeinama hewani. Nikaiweka mtandaoni usiku uleule. Kufika asubuhi watu walikuwa wanalia: maskini mnyama, binadamu hatuna huruma, mwenye punda huyu ashitakiwe. Nami niliyejua kilichokuwa mita moja nje ya ukingo nikanyamaza siku mbili, kwa sababu sifa zilikuwa tamu.

Mji wenyewe ni mdogo. Siku ya tatu mzee alinikuta kwenye baraza la nyumba niliyofikia, ameshika simu ya mjukuu wake. Hakupandisha sauti. Aliigeuza ile simu nikaiona picha yangu, akauliza, "Mwanangu, nami na mai yangu tuwapi?" Mai, yaani yale maji ya ndoo.

Niliiondoa, nikaweka ile nzima pamoja na fulana yake ya njano. Waliokuja kuitazama walikuwa wachache sana. Mzee nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, akanikaribisha kahawa. Ila mjukuu hakunisalimia tena mpaka naondoka, na simlaumu.

Tangu hapo siwezi kusogeza ukingo bila kujiuliza nani yuko upande wa pili. Mara nyingi ni kreti ya soda tu.

Sasa narudi kwa paka wangu. Nimeacha mguu, nimeacha kisu, juu nimeacha hewa kidogo ambayo haina kazi ila inamfanya paka aonekane mdogo chini ya ile meza, kama alivyokuwa. Nilidhani nimemaliza. Nimeikuza kuangalia kama macho yamekaa sawa, ndipo nikaona champali ya mwenye samaki imekatika mkanda, ameufunga kwa waya. Kwa ukubwa huu waya unaonekana vizuri kuliko masharubu ya paka.

Sijaiweka popote. Kesho nitashuka sokoni kabla ya saa moja, ninunue changu wangu wawili, nimwonyeshe. Akisema kata, nitakata hapohapo mbele yake, hata akibaki paka wa kalenda.