Yona alikaa mashariki ya mji, sisi tunatokea Pugu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tusome Yona 4, mstari wa 5 mpaka wa 11. Nitaanzia kwenye treni maana wengi wetu hapa Dar tunapanda ile ya alfajiri ya kutoka Pugu kwenda mjini.

Pale Gongo la Mboto bado giza, Karakata watu wameshabanana na wengine wanasinzia wamesimama, halafu mkikaribia Vingunguti kunaanza kupambazuka, na kwa vile treni inaelekea baharini jua linatokea nyuma kabisa ya maghorofa ya Posta. Yale majengo pacha ya PSPF, ule mfuko wa pensheni wa zamani, lile refu la bandari, mwanzoni ni meusi tu, baadaye anga inawaka nyuma yake mpaka hata mwenye usingizi anageuza shingo. Jamani ni pazuri. Furahieni kabisa, anayelichomoza jua ni Baba yetu.

Yona naye alitafuta pa kuutazamia mji. Alitoka Ninawi akakaa upande wa mashariki, akajijengea kibanda, akatulia kivulini aone mji utapatwa na nini. Mungu akamwoteshea mtango wa kumpa kivuli akaufurahia mno, kesho yake buu likautafuna ukanyauka na yeye akakasirika mpaka akatamani kufa! Ndipo Mungu akamuuliza, wewe unauhurumia mtango ambao hukuupanda wala kuukuza, na mimi nisiuhurumie Ninawi, mji mkubwa wenye watu zaidi ya 120,000 na mifugo mingi? Mstari huu unanigusa sana, yaani Yona anaangalia mji, Mungu anaangalia watu, na mpaka mifugo haijasahaulika.

Sisi Dar kwenye sensa ya 2022 tulihesabiwa 5,383,728. Ukiona taa kwenye ghorofa alfajiri ile ujue kuna mlinzi anamalizia lindo, kuna mama ameingia kudeki kabla wenye ofisi hawajafika na watoto wake amewaacha wamelala. Feri samaki wanashushwa, Muhimbili wauguzi wa usiku wanasubiri wenzao wa zamu ya asubuhi. Hata kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, liko hukohuko karibu na maji, kutoka kwenye behewa hulioni kwa ajili ya maghorofa, ila watu wanasali mle.

Kwa hiyo naomba wiki hii tukiuona mji tuuombee palepale, sio lazima kwa sauti, watu wamechoka waacheni walale. Tugawane hivi. Wanaoshuka Buguruni wachukue wagonjwa wa hospitali ya Amana na wanaowauguza, wa Kamata wachukue Kariakoo, wamachinga, makuli, mama lishe na hao wasichana wa kazi ambao hakuna anayewauliza wamekula nini, na sisi wa mpaka Stesheni tuchukue bandari, Feri na maofisi yote ya Posta pamoja na wale mabosi tunaowalalamikia kila siku, nao ni watu wa Mungu na wana mizigo yao. Mwenye jina la mtu anayetaka aombewe aniletee Jumapili baada ya ibada, nitawapa wanaoshuka kituo cha karibu na huyo mtu.