Dokezo langu la kurasa 11

Nilipoajiriwa halmashauri kama mchumi, nilidhani ushauri mzuri ni ule mrefu. Suala lilikuwa mikopo ya asilimia 10. Kwa wasioifahamu: sheria inaitaka halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Kwetu fedha zilikuwa zinatoka, hazirudi. Nikaandika dokezo la kurasa 11, lina majedwali na grafu za rangi ambazo printa yetu ilizitoa zote kijivu.

Mkurugenzi akalipekua hadi mwisho, akanitazama. "Mchumi, sasa hapa nisaini nini?"

Sikuwa na jibu. Tatizo nilikuwa nimelieleza vizuri, ila pale pa kusema fanya hivi, itagharimu hivi, usipofanya itakuwa vile, niliandika "uangaliwe uwezekano wa". (Aliyebuni maneno hayo ametuokoa watumishi wengi.) Dokezo la pili likawa ukurasa mmoja na nusu: vikundi virejeshe kila mwezi, kiasi kilekile, mtendaji wa kata afuatilie. Likapita menejimenti, likapita kamati ya fedha. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Ushauri ule ulikuwa mbaya. Mfupi, unaeleweka, una takwimu, na mbaya.

Nililijua hilo baadaye, nilipopakiwa kwenye pikipiki ya afisa maendeleo ya jamii kwenda kukagua kikundi cha akina mama wanaolima alizeti. Mwenyekiti wao akanipa kigoda, akanipa maji, ndipo akasema: "Mwanangu, alizeti haivunwi kila mwezi." Huku kanda ya kati tunapanda kwa mvua za Desemba na Januari, tunavuna Mei na Juni. Rejesho la Februari walilitoa wapi? Waliuza mbuzi. Wawili walikopa kwa mtu wa riba ili walipe mkopo usio na riba. Kwenye jedwali langu, kikundi hicho kilikuwa cha kupigiwa mfano.

Serikali iliposimamisha mikopo hiyo mwaka 2023, mazungumzo mengi yalikuwa ya vikundi hewa na fedha zilizoliwa. Yapo hayo, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeyasema. Lakini ile ratiba hakuiiba mtu, niliiandika mwenyewe.

Sasa kila Julai, mwaka wa fedha ukianza, naenda masijala kuomba mafaili ya madokezo yangu ya nyuma. Nasoma nilisema kitatokea nini, kisha natafuta nani aliyeko kijijini wa kumpigia simu. Na kila dokezo jipya nalimalizia kwa sentensi moja: ushauri huu utakuwa umeshindwa tukiona kadha wa kadha. Mkurugenzi tuliye naye huikata kwa kalamu nyekundu. Mimi huirudisha. Dada wa masijala naye akiniona tu mlangoni: "Mchumi, umekuja kusoma dhambi zako?"