Nilimwona miguu tu

Leo siku ya nne ya fungate, mwenzangu kalala mchana huu anakoroma kama trekta, nami nimepata mwanya wa kuandika kabla sijaisahau ile wiki ya kuwekwa ndani kabla ya harusi.

Swali lililonikosesha usingizi wiki nzima: nimwone au nisimwone kabla ya ndoa? Msinicheke. Ukiwa nje unaona ni jambo la kitoto, ila kaa wewe ndani siku saba, chumba kimoja hapa Ngamiani, Tanga, feni moja inayolia kwi kwi kwi, nasuguliwa singo asubuhi singo jioni mpaka mashuka yote yananuka liwa na karafuu, halafu uniambie kipi kidogo. Somo wangu, yule wa kunifunda, alikuwa shangazi, dada yake baba, na shangazi hana mchezo, siku ya kwanza tu kanipokonya simu kaifunga kwenye kanga kaitia kabatini kwake. Ati mwali hapigi soga.

Hoja yangu mimi ilikuwa hivi, huyu mtu nimejuana naye miaka mitatu, tumekula chipsi mayai sahani moja, tumekwenda kupima pamoja, ananijua nikiwa na mafua, sasa mnamficha nini? Enzi za bibi sawa, kulikuwa na cha kuficha. Bibi mwenyewe anasimulia kwamba alivyofunuliwa ushungi akamwona babu kwa mara ya kwanza alidhani kaletewa kaka mtu, akanyamaza kwa adabu mpaka asubuhi.

Na kuna la pili ambalo sikumwambia mtu. Jumapili ile kabla simu haijachukuliwa tulikorofishana. Mimi nilisema sihamii Mbagala kwa mama yake, nampenda mama yake lakini nyumba ile ina watu tisa na choo kimoja, yeye akasema tutaona. Tutaona! Nikampigia video nimtazame usoni, mtandao ukakatakata, uso ukaganda mdomo wazi, mara chaji ikaisha. Basi nimeingia ndani na hiyo "tutaona" kifuani. Nilichotaka ni dakika kumi tu, watu wawili, nimuulize nimwone macho anavyojibu, maana siku yenyewe tungeonana mbele ya wanawake arobaini wameinua simu juu na hapo huulizi mambo ya choo.

Watu wa kunishauri hawakukosekana. Yule mpiga picha akatuma ujumbe kupitia mdogo wangu, ati sikuhizi kuna festi luku, bwana harusi anasimamishwa kwenye bustani kageuka mgongo, bibi harusi anakuja nyuma anamgusa bega, anageuka analia, kamera inadaka machozi. Mwenzangu namjua, angegeuka akaniuliza nimekula. Wifi yangu naye akasema nisithubutu, ni mkosi. Hiyo ya mkosi sijui kaitoa kwenye tamthilia gani, kwetu hapa sikuwahi kuisikia, kwetu mwali anawekwa ndani ang'ae na apumzike na afundwe, basi.

Jumatano nikampelekea baba. Baba ni mwalimu wa madrasa, akafikiri kidogo, akasema mbona Mtume alimwambia Mughira bin Shu'ba aende akamtazame yule mwanamke aliyetaka kumuoa, kwamba hilo litawaunganisha zaidi. Wakiwa na mtu mzima pembeni, yeye hana neno. Nikajua nimeshinda. Shangazi alikuwa anatwanga mawaridi, hata hakuinua kichwa. "Kaka, hiyo ni kabla ya kuoa mtu hujamjua. Huyu keshatazama mpaka kachoka. Dini haijamkataza, ninayemkataza ni mimi." Baba akakumbuka ana kikao msikitini.

Alhamisi jioni mwenzangu akafika kutoka Dar, kashuka stendi ya Kange kaja moja kwa moja kuleta sanduku, ingawa sanduku wangeweza kulileta dada zake. Nikamsikia mlangoni, hodi, shikamoo shangazi. Nimekaa kitandani mikono yote imechorwa piko haijakauka, nimeinyanyua hewani kama mtu aliyekamatwa na polisi, kati yangu na yeye kuna pazia tu. Nikisema neno moja anasikia. Shangazi kasimama hapohapo, anajua kila kitu, hasogei.

Pazia lile fupi, linaishia kama shubiri moja kutoka sakafuni. Nikaona miguu. Kandambili za bluu, vumbi la safari, na kidole gumba cha kushoto chenye kucha nyeusi aliyoiumiza kwenye mpira wa ndondo. Nikaganda.

Akaanza kuzungumza na shangazi, kwa sauti ya mtu anayemwita konda: "Shangazi, nimeshalipa kodi miezi sita. Vyumba viwili. Choo ndani." Shangazi akasema, "Na mimi inanihusu nini, baba?" Yeye akarudia, "Choo ndani, shangazi, cha peke yetu." Kimya. Kisha shangazi, "Haya, kimesikika. Nenda ukaoge."

Nilitaka kulia nikaogopa kujifuta, piko lingeharibika.

Ijumaa asubuhi baba akaja na mashahidi wawili kuniomba idhini, nikajibu bila kusita, sauti ikatoka kubwa mpaka mama akanifinya. Baada ya alasiri ndoa ikafungwa msikitini, vigelegele, halafu ndio yakaja mambo ya mlango, shangazi na wenzake wameuziba wanataka kifungua mlango, noti zinapita moja moja, mpaka wakaridhika. Akaingia. Simu zote juu. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kusoma dua na mimi kichwa chini kama nilivyofundwa, mtandio umefunika kila kitu, naona sakafu tu. Makubadhi kayavua mlangoni. Kucha nyeusi ile pale.

Kwenye video mabega yangu yanatikisika, na mama mkwe anawaambia watu mpaka leo jinsi mkwewe alivyolia kwa uchungu wa kuacha kwao.