Vumbi la Marigat

Tulikuwa tumeshapita Mogotio na mashamba yake ya mkonge, mjomba akisinzia kando yangu, joto likizidi kadiri barabara ilivyoteremka kuelekea Marigat, huko Baringo. Ilikuwa Machi, masika bado yanasubiriwa, na ardhi ya huku chini imebaki wazi, kavu, imepasuka.

Wingu jeusi lilisimama juu ya vilima vya Tugen, nami nikafurahia mvua. Kumbe mvua ikianza kumwagika kwa mbali, hewa baridi huporomoka pamoja nayo, ikifika chini husambaa kwa kasi na kuzoa kila kilicholegea. Ukuta mwekundu ukaja, ukameza migunga, ukameza mbuzi na mchungaji wao, ukatumeza na sisi.

Mjomba ameendesha malori mpaka akastaafu. Aliamka, akasema taratibu: “Toka barabarani. Toka kabisa, usibaki kwenye lami. Sasa zima taa zote, mwanangu, na uondoe mguu kwenye breki.”

Kuzima taa katika giza lile! Mikono ilisita. Lakini nilimtii, naye akanieleza: anayekuja nyuma bila kuona kitu hufuata taa nyekundu akiamini ndiko barabara iliko, akakugonga ukiwa umesimama. Punde lori likapita ubavuni likinguruma. Tulilisikia tu.

Madirisha yalikuwa yamefungwa, na bado vumbi lilitufikia mpaka kwenye meno. Niliuma udongo ule nikaumia moyo. Ni udongo wa juu, ndio unaootesha nyasi. Malisho ya mtu yalikuwa yakipita angani. Mito ya Perkerra na Molo nayo huuchukua kwa maji na kuumwaga Ziwa Baringo, ndiyo maana maji yale yasiyo na chumvi yana rangi ya tope.

Kulipotulia, mathenge, ule mti wa miiba, ulitokeza pande zote, kijani kibichi. Ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kushika udongo na kuwapa watu kuni. Ukashika udongo, kisha ukateka malisho na njia. Mbuzi wakila maganda yake matamu, meno huoza. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa huko, waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani kama ushahidi. Wapo waliocheka. Mimi sioni cha kuchekesha: watu waliletewa dawa ya vumbi, wakaachiwa miiba.

Siku hizi nikikuta makaa ya Baringo sokoni hapa Nakuru, namuuliza muuzaji ni ya mti gani. Ya mathenge nanunua, hata gunia zima. Ya mgunga siyagusi, na mjomba amewaambia wa nyumbani kwake vivyo hivyo.