Bekapu isiyongoja nikumbuke

Juzi mama mmoja alikuja dukani kwangu hapa Kondele akaniuliza kama bado niko na kile kitabu cha mazishi ya mzee wake nilichomtengenezea mwaka jana, anataka nakala zingine za siku ya kumbukumbu. Nikafungua diski ya nje ninayowekea bekapu, yaani nakala za akiba za kazi zangu, folda ya mwezi ule, nikapata kitabu na picha zote, hata ile mzee amesimama kando ya ng'ombe wake, kofia mkononi. Mama akanyamaza akiangalia skrini. Akasema kwa simu yake hiyo picha ilishapotea.

Hapo awali ningemwambia tu pole. Nilikuwa nakopi kazi kwa diski ya nje mwenyewe kila Ijumaa jioni, na Ijumaa ndiyo siku watu wanakimbiza vitabu vya mazishi ya Jumamosi, kwa hivyo naahirisha, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, halafu siku moja mvua ikaja na upepo kutoka ziwani, stima ikapotea ikarudi ikapotea tena, na diski ya kompyuta haikuamka. Fundi aliiweka sikioni, ilikuwa inagonga tik tik tik. Wiki saba za kazi za watu zilienda hivyo.

Sai kazi ya kukumbuka nimeachia mashine. Situmii programu ya kununua wala bando, natumia robocopy, amri ya kukopi faili ambayo iko ndani ya Windows tayari. Unafungua Notepad, unaandika mstari mmoja, unaseivu kwa jina linaloisha na .bat:

robocopy D:\Kazi X:\Bekapu /E /R:2 /W:5

D:\Kazi ni folda ya kazi zangu, X: ni diski ya nje. /E inabeba folda zote za ndani hata zilizo tupu. Hizo mbili za mwisho usiziache kabisa, kwa sababu faili ikiwa imefunguliwa mahali na haikopiki, robocopy ukiiacha ilivyo itajaribu mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara, na bekapu inakwama hapo. Mimi naiambia ijaribu mara mbili, ingoje sekunde tano, iendelee. Na kuna /MIR ambayo watu husifu sana, lakini hiyo hufuta kwa bekapu kila kitu ulichofuta kwa kompyuta. Kwa kazi kama yangu siitaki.

Ukimaliza ingia Task Scheduler, ile ya Windows inayoanzisha kazi zenyewe kwa saa uliyopanga, tengeneza kazi ya kila siku, uielekeze kwa hiyo faili. Usiweke saa nane usiku kama kompyuta yako hulala imezimwa. Yangu ni saa saba mchana, najua duka liko wazi. Kama unatumia laptopu angalia sana kwa masharti (Conditions), kuna tiki imewekwa tayari inayosema kazi ianze tu kama imechomekwa kwa stima, itoe, la sivyo stima ikipotea na bekapu inakosa. Halafu kwa mipangilio (Settings) weka tiki ya kuifanya haraka iwezekanavyo kama saa yake ilipita.

Siku ya kwanza niliona kwa Task Scheduler matokeo yameandikwa 0x1 nikashtuka nikadhani imekataa. Kwa robocopy hiyo moja ni kusema imekopi faili vizuri, sifuri ni hakukuwa na kipya, shida ni kuanzia nane kwenda juu.

Herufi ya X ya diski ya nje nimeichagua kwa Disk Management, mahali pa kupanga diski ndani ya Windows, maana wateja wanachomeka flashi siku nzima na herufi za karibu zinabadilika badilika. Niko na diski mbili za nje zenye herufi hiyo moja, hazichomekwi pamoja, moja iko dukani, nyingine naenda nayo nyumbani, Jumatatu nabadilisha. Kirusi cha kompyuta au mwizi akiingia dukani atapata moja tu.

Na kila Jumatatu kabla ya kubadilisha nafungua faili moja ya zamani kutoka kwa diski, nione inafunguka. Wiki hii nilifungua ya yule mzee.