Nilivyomsaidia mkaazi wetu kurudi kula na wenzake

Ninahudumia wazee katika makazi ya uangalizi jimboni Minnesota, Marekani, ambako kila mkaazi ana chumba na ufunguo wake, lakini milo huliwa pamoja ukumbini, na kwa hiyo urafiki na ugomvi mwingi huanzia mezani.

Mwalimu mmoja mstaafu aliacha kwanza kucheza karata, kisha akaomba chakula chake kipelekwe chumbani. Wenzake watatu wa meza moja walisema anajiona. Sonona ya uzeeni, yaani ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, mara nyingi haiji na machozi, bali huja na uchovu, usingizi wa mang'amung'amu, maumivu ya mwili na hasira za karibu, ndiyo maana majirani huichukulia kuwa dharau. Nilimweleza muuguzi, naye akamuuliza yale maswali 15 ya kupima sonona kwa wazee. Daktari akamwanzishia dawa, na katika uchunguzi ikagundulika kwamba kifaa chake kimoja cha kusikia kilikuwa kimekufa. Naomba wahudumu wenzangu walitilie maanani jambo hili la masikio, kwa sababu mtu asiyesikia watu wanacheka nini hudhani anachekwa yeye.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na katika muda huo urafiki unaweza kufa kabisa. Sikuweza kuwaeleza wenzake, maana sheria inalinda siri ya mgonjwa, na mwenyewe alihofu kwamba wakijua watasema ahamishiwe upande wa waliopotewa na kumbukumbu, hofu waliyo nayo wakaazi wengi na inayowafanya wakimbiane. Basi nikamwomba yeye na mmoja tu kati ya wale watatu wanisaidie kukunja vitambaa vya mezani kabla ya chakula cha jioni, kwa kuwa kazi ya mikono haimlazimishi mtu kuzungumza. Mwanzoni walikunja kimya. Siku moja mwenzake akamkosoa kwamba pembe hazilingani, naye akamjibu kwa sauti ya darasani, wakabishana mpaka wapishi wakachungulia, nami nikafurahi mno.

Baada ya hapo alianza kubaki ukumbini, kwanza kwa supu tu, baadaye kwa mlo mzima, kwenye kiti nilichomtengea mbali na kelele za jikoni. Karata hajarudia, wala simshurutishi. Mmoja wa wale wengine wawili bado hamsalimu, na ninazungumza na muuguzi tuone ni kazi gani wanayoweza kuifanya pamoja.